Nani Apewe Kiti?

Dharau ya mtu kwa mtu mwenziwe ina njia mbili za kutembea. Iko dharau itembeayo mchana, kila mtu akaiona. Mwenyewe huitamka kwa kinywa chake, akaiandika katika sheria, akaibandika mlangoni. Tena iko itembeayo usiku, hata mwenye nyumba hajui kwamba inalala chini ya paa lake. Katika somo hili nataka kuwapa habari za hizo zote mbili, na hasa ile ya pili, katika jambo la rangi za watu. Mifano yangu nitaianza hapa hapa kwetu, Masasi na Newala, kwa sababu wengi wetu tumezoea kudhani ya kuwa mambo haya ni ya Marekani na Afrika ya Kusini tu, nasi hayatuhusu.

Ile ya mchana sitaikalia sana. Wazee wetu waliiona. Mtu mzima mwenye mvi, mwenye watoto na wajukuu, aliitwa "boi" na kijana wa Kizungu asiyeota ndevu, naye akaitika. Shule za nchi hii ziligawanywa mafungu matatu: za Wazungu, za Wahindi, na za Waafrika, na mgawanyo huo haukuondolewa mpaka nchi ilipojitawala, zilipounganishwa kuanzia mwaka 1962. Walioandika kanuni hizo walijua wanalofanya. Jambo la namna hiyo ni ovu, lakini lina mpini. Mtu apendaye kuling'oa anajua ashike wapi.

Ile ya usiku haina mpini. Basi sikilizeni habari za misheni yetu.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Unguja pamoja na kundi la watu waliookolewa katika utumwa. Wakashuka Lindi, wakaingia bara. Nia yao ilikuwa kwenda upande wa Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walitekwa walipokuwa watoto. Walipofika Masasi, penye majabali yale makubwa mnayoyaona kila siku, wakaona nchi ni njema, wakakaa. Hivyo ndivyo kijiji cha Kikristo kilivyoanza. Mwaka 1882 Wangoni, ambao watu wa hapa waliwaita Magwangwara, walikishambulia kijiji kile, wakachoma nyumba na kuchukua watu. Baada ya hayo kazi nyingi ya misheni ikapanda Newala, juu ya uwanda.

Wale Wazungu wa misheni walikuwa watu wa namna gani? Yatupasa kusema kweli. Walikuwa watu wema. Waliacha nyumba zao na ndugu zao, wengi hawakuoa, mshahara wao ulikuwa mdogo sana, nao walikufa mmoja mmoja. Steere alijifunza Kiswahili akaandika kitabu cha kukifundisha, tena akaisimamia kazi ya kutafsiri Agano Jipya. Askofu Smythies, aliyemfuata, alikuwa akitembea kwa miguu kutoka pwani mpaka Nyasa, naye alifundisha ya kwamba kumfanya mtu Mkristo si kumfanya Mwingereza. Watu kama hawa ukiwauliza, "Je, mwawadharau Waafrika?" wangeshangaa, na pengine wangelia. Hawakuwa na neno hilo mioyoni mwao, au walijiona hawanalo.

Sasa mtazameni Padre Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni, akaokolewa, akasomeshwa Kiungani kule Unguja, kisha akapelekwa Canterbury, Uingereza. Alipewa ushemasi mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa padre, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kufikia daraja hilo. Alikaa Chitangali, katika nchi ya Newala, kwa Nakaam, mfalme wa Wayao wa huko, akafanya kazi yake bila Mzungu kukaa naye. Watu wakabatizwa, shule zikasimama, na Nakaam mwenyewe akaingia katika dini, akaitwa Barnaba. Waandishi wa historia wanaihesabu kazi yake kuwa miongoni mwa kazi kubwa zilizofanywa upande huu wa Ruvuma. Mwaka 1897 akarudi Unguja.

Mtu aliyeona matunda yale angetazamia ya kuwa baada ya miaka michache Masasi itakuwa na askofu Mwafrika. Dayosisi yetu ilifanywa mwaka 1926. Maaskofu wanne wa kwanza wote walikuwa Waingereza. Mwafrika wa kwanza kukikalia kiti kile ni Hilary Chisonga, mwaka 1968. Tangu upadre wa Majaliwa hata uaskofu wa Chisonga ni miaka 78. Mtoto aliyezaliwa siku ile Majaliwa alipowekewa mikono angekuwa mzee wa mkongojo.

Hakuna aliyesema, "Hatutaki askofu mweusi." Hapo ndipo penye fumbo. Neno lililosikika katika misheni nyingi za Afrika nyakati zile lilikuwa neno dogo, tena la upole: "Bado." Bado hawajakomaa. Bado wanahitaji msimamizi. Nanyi mnalijua neno hili, kwani mama hulisema akiwa jikoni: muhogo bado. Lakini mama hufunua chungu, akachoma muhogo kwa kijiti, akatazama. Yule asemaye "bado" miaka sabini na minane bila kufunua chungu, huyo hatazami muhogo. Anatazama kitu kingine, asijue.

Na chungu kilifunuliwa mara moja, wala si kwa hiari. Vita vilipoanza mwaka 1914, Wadachi waliokuwa wakitawala nchi hii waliwakamata wamisionari Waingereza, wakawafunga, wala hawakupata kutoka mpaka jeshi la Wabelgiji lilipoutwaa mji wa Tabora, mwezi wa Septemba 1916. Wakati huo mapadre na waalimu Waafrika ndio walioshika ibada na kuwafundisha watoto. Tena wengi wao walipata mateso, wakapigwa na kufungwa, kwa kuwa Wadachi waliwashuku kuwa wapelelezi wa Waingereza. Kanisa halikuanguka. Mimi nilipokuwa kijana nilidhani baada ya vita Wazungu waliporudi walisema, "Kumbe, mwaweza!" wakawakabidhi kazi. Sivyo ilivyokuwa. Walishukuru, wakasifu, wakakalia viti vyao tena. Katika kulitafakari jambo hili nimeona ya kuwa macho ya mtu yaweza kuona, na mazoea yake yasione.

Liko jambo jingine ambalo bado linanishinda kulikata. Misheni hii haikupenda waalimu wake Waafrika wavae nguo za Kizungu, ilipenda kanzu. Je, ilikuwa heshima kwa desturi zetu, au ilikuwa njia ya kutuambia tukae mahali petu? Askofu Lucas, wa kwanza wa dayosisi hii, aliyakubali mafunzo ya jando yaingie katika Kanisa, na mpaka leo wengi wamsifu kwa hilo, nami ni mmoja wao. Lakini mwalimu aliyetaka suruali na viatu, akaambiwa kwamba havimfai, aliisikia heshima ile kuwa ni kitu kingine. Nadhani mara nyingi mambo yale mawili yalikaa katika moyo mmoja, tena katika neno moja, hata mwenye kulisema asingeweza kuyatenga.

Sasa niwaambie habari za kofia.

Trevor Huddleston alizaliwa Uingereza mwaka 1913. Mwaka 1943 alipelekwa Johannesburg, akawa padre wa watu weusi wa mtaa uitwao Sophiatown. Wakati ule mtoto mmoja mweusi alikuwa amesimama njiani na mamaye. Mama huyu hakuwa mtu mkubwa wa mji; alikuwa mtu wa kazi za mikono, mwenye kisomo kidogo. Akapita Mzungu mrefu, mwenye kofia kubwa na kanzu ndefu. Alipomfikia yule mama, akaivua kofia yake kumwamkia. Kwa Wazungu kumvulia mwanamke kofia ni adabu, kama vile kwetu mtoto apigavyo goti mbele ya mzee. Mtoto yule akashangaa mno, kwa sababu hajapata kumwona Mzungu akimfanyia hivyo mwanamke mweusi. Mzungu ndiye Huddleston. Mtoto ndiye Desmond Tutu, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Cape Town, akapewa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 1984. Aliisimulia habari hii mara nyingi mpaka uzeeni.

Mwangalie vema, watoto. Huddleston hakutoa hotuba siku ile. Huenda hata hakufikiri. Mkono wake ulikwenda wenyewe, kwa kuwa alifundishwa tangu utoto kwamba mwanamke huvuliwa kofia. Wazungu wengine wa mji ule nao walifundishwa hivyo hivyo na mama zao. Lakini mikono yao ilikuwa imejifunza jambo la pili, kwamba mwanamke mweusi hahesabiwi, nayo ikatulia chini. Pengine hakuna hata mmoja aliyekaa asubuhi akakata shauri, "Leo sitamvulia kofia mwanamke mweusi." Mkono tu haukwenda.

Dharau ya mchana nayo Huddleston alipigana nayo waziwazi, serikali ya huko ilipotunga sheria za kutenga watu kwa rangi baada ya mwaka 1948, na ilipoanza kuwahamisha kwa nguvu watu wa Sophiatown mwaka 1955. Mwaka 1960 akawekwa kuwa Askofu wa Masasi. Alikaa kwetu mpaka 1968, na aliyemfuata ndiye yule Chisonga. Basi mkono ule ule uliomvulia kofia mama yake Tutu umewabariki babu zenu wengi, hapa Masasi na kule juu Newala.

Yafaa tuulize mazoea ya namna hii huingia lini katika moyo. Wataalamu wawili weusi wa Marekani, Kenneth Clark na mkewe Mamie, walilitafuta jambo hilo katika miaka ya 1940. Waliwaonyesha watoto weusi, wa umri wa miaka mitatu hata saba, wanasesere waliofanana kwa kila kitu ila rangi: wengine weupe, wengine weusi. Wakawauliza, "Yupi mzuri? Yupi ungependa kucheza naye?" Karibu watoto wawili katika kila watatu walimtaka mweupe. Kisha wakaulizwa, "Yupi anafanana nawe?" Hapo wengine waliona taabu, na wengine wakalia. Watoto wale hawakusoma sheria yoyote. Walikuwa wadogo mno. Mwaka 1954 Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kwamba si halali kuwatenga watoto mashuleni kwa rangi zao, uchunguzi huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyotajwa.

Tangu mwaka 1998 iko njia nyingine, kwa kompyuta. Mtu huonyeshwa nyuso za watu weupe na weusi, na maneno mazuri na mabaya, akaambiwa azigawe upesi, hizi kuume, hizi kushoto. Ni kama kuchambua korosho. Mkono uliozoea kutupa mbovu kushoto, ukiuambia leo tupa kuume, huchelewa kidogo. Watu wengi walipotakiwa kuziweka nyuso nyeusi upande mmoja na maneno mazuri walichelewa kidogo namna hiyo, hata miongoni mwa wale walioapa kwamba hawana ubaguzi, na hata baadhi ya watu weusi. Lakini wataalamu wanabishana kama kuchelewa kwa kidole kwaweza kutuambia mtu atatenda nini sokoni au kazini. Mimi napenda zaidi kutazama matendo.

Tena napenda kusikiliza maneno. Siku moja niliwaambia wanafunzi wa darasa langu walete maneno yenye Uzungu na Uswahili ndani yake, nami nikayaandika ubaoni kwa pande mbili. Wakacheka mwanzo. Kwa upande mmoja waliandikisha "Uzunguni," mtaa wa nyumba nzuri na miti ya kivuli. Kwa upande wa pili "Uswahilini," mtaa wa vumbi na kelele. Fundi akitengeneza kitu kwa uangalifu, "kazi ya Kizungu." Mtu akivunja ahadi, "ahadi ya Kiswahili." Mjanja mwenye maneno mengi huambiwa, "Usiniletee Uswahili." Ubao ulipojaa, kicheko kilikwisha. Lugha yetu wenyewe, tunayoipenda, tuliyoimba nayo tangu kunyonya, imetufundisha kuhesabu. Na kila mara tukihesabu, sisi tunatoka upande wa hasara.

Jambo la kiti lilitokea katika kijiji kimoja cha uwanda wa Newala, siku nilipowapeleka watoto wa shule kuangaliwa macho. Gari lilikuja na watu wawili. Mmoja alikuwa daktari wa macho, Mmakua, mtu wa makamo, mpole, mwenye miwani. Wa pili alikuwa kijana Mzungu, mwanafunzi wa udaktari, aliyekuja nchini kwa majuma machache kujifunza. Palikuwa na kiti kimoja chenye mgongo. Mzee wa mahali pale akakifuta vumbi kwa shuka yake, akampelekea yule kijana, akainama, akasema, "Karibu, Daktari." Kisha akamgeukia daktari, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu, shusha masanduku ya Daktari, tuyaweke kivulini."

Daktari akashusha masanduku. Akaketi juu ya gogo la mwembe, akaanza kuzipanga dawa zake. Yule kijana hakujua Kiswahili. Alidhani kila mgeni hupewa kiti, akakaa akitabasamu. Watoto walipangwa mstari, na daktari akaanza kufunua kope zao, mmoja mmoja. Baada ya saa nzima mama mmoja alinijia polepole, akaniuliza, "Mwalimu, na yule Mzungu ataanza kutuangalia saa ngapi?"

Mzee yule namjua. Si mtu wa kuwadharau watu wake. Babaye alisumbuliwa sana na wakubwa wa zamani, naye hukumbuka, hukasirika hata leo. Nilipomweleza aliyekuwa daktari, alijishika kichwa, akaenda akasimama mbele ya daktari, akasema, "Nisamehe, baba." Daktari akajibu, "Haidhuru, mzee. Lete mtoto mwingine."

Tuliporudi shuleni niliwaacha wanafunzi wazungumze. Wengine walimlaumu mzee, wengine kijana; mvulana mmoja alisema kijana hana kosa, kwa kuwa mgeni hufuata mwenyeji. Kisha msichana mmoja wa darasa la sita akainua mkono. Akauliza, "Mwalimu, na daktari mwenyewe, mbona aliyashusha masanduku bila kusema neno?" Wakanyamaza wote. Mwingine akajibu ya kuwa labda ni mnyenyekevu. Msichana akasema, "Au amezoea." Swali lile sikulijibu, nami sioni vema kulijibu humu kitabuni. Zungumzeni ninyi.

Msidhani ya kuwa jambo hili ni la weupe na weusi tu. Watu wa pwani zamani waliwagawa watu kwa maneno mawili, mstaarabu na mshenzi. Na neno ustaarabu lenyewe asili yake ni kufanana na Waarabu. Mtu wa bara alikuwa mshenzi kabla hajafungua kinywa. Katika washenzi hao Mmakonde aliwekwa mwisho wa mstari. Chale za usoni na ndonya ya mdomo wa juu, ambazo kwao zilikuwa uzuri na alama ya ukoo, kwa wengine zilikuwa kitu cha kutishia watoto wasiotaka kulala. Bibi zetu wachache waliokuwa na tundu la ndonya walilifunika kwa kiganja walipozungumza na wageni. Nimewaona. Hakuna aliyewaagiza kulifunika. Mkono ulikwenda wenyewe.

Hata leo mazoea hayo yana kazi yake. Kuanzia miaka ya 1930 Wamakonde wengi kutoka Msumbiji walikwenda Kenya kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, wakakaa Kwale na penginepo pwani. Wakazaa huko, na watoto wao wakazaa huko. Lakini kwa miaka mingi hawakuhesabiwa kuwa raia. Bila kitambulisho mtu hawezi kuweka fedha benki, wala kuajiriwa kwa halali, wala kusafiri bila hofu ya askari. Majirani waliwaita wageni, na ofisi zikawaandika hivyo, ingawa walisema Kiswahili cha pwani kama wengine. Mwezi wa Oktoba 2016 mamia yao, wanaume kwa wanawake, walishika njia kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Walizuiwa njiani, hawakurudi. Rais Uhuru Kenyatta akawapokea, akaamuru waandikishwe kabla mwaka haujaisha, nao wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wazee waliozaliwa katika mashamba yale, wakafanya kazi humo mpaka meno yakaisha, wakaitwa mbele ya meza, wakachukuliwa alama za vidole, wakaulizwa jina, na mahali walipozaliwa, na kabila. Na safari hii, walipojibu "Mmakonde," karani akaandika.